Kidugala: Kituo Kilichopoteza Wamisionari Mara Mbili

Msafiri anayetoka Igowole kwenda Kidugala hutokea kwanza Nyololo kwenye barabara kuu iendayo Zambia, hupita Makambako, kisha huingia nchi ya Wabena. Tangu Machi 2012 safari hiyo humvusha pia mpaka wa mkoa, kwa kuwa mwaka huo Njombe ilimegwa kutoka Iringa. Kwa hesabu za kanisa huo ni mpaka wa juzi. Kidugala ya Ubena na vituo vya Mufindi na Muhanga upande wa Uhehe vilitoka katika mkono mmoja, wa Misheni ya Berlin, na Walutheri wa pande hizo wana historia moja.

Jumuiya hiyo ilianzishwa Berlin mwaka 1824, na kuanzia 1834 ilifanya kazi Afrika Kusini. Alexander Merensky, aliyeongoza msafara wake kuja Ziwa Nyasa mwaka 1891, hakuwa mgeni wa bara hili, maana alikuwa ameishi Transvaal miaka mingi na kuanzisha kituo cha Botshabelo. Walipanda mito ya Zambezi na Shire, wakavuka ziwa na kujenga kwa Wanyakyusa kituo walichokiita Wangemannshöhe, kwa jina la mkurugenzi wao. Mwaka huohuo Wamoraviani walikuwa wamefika Rungwe. Madhehebu hayo mawili yaliketi yakapanga nani ahubiri wapi. Wanyakyusa wenyewe, ambao ardhi yao ilikuwa ikigawanywa, hawakuwa na kiti katika mazungumzo hayo.

Kutoka ziwani misheni ilipanda Ukinga, ikajenga Bulongwa na Tandala, kisha mwaka 1898 ikafika Kidugala. Mwaka huo unajieleza. Kwa muda mrefu Ubena ilikuwa uwanja wa kugombaniwa na Wahehe na Wasangu, na mwezi Julai 1898 Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua akikaribia kukamatwa na Wajerumani. Mhubiri aliingia kwenye amani iliyoletwa na bunduki, na wenyeji hawakuwa na sababu ya kumtenganisha na askari aliyemtangulia. Wakatoliki nao walikuwa wameshaanza Tosamaganga, kwa hiyo kulikuwa na haraka pia ya kuwahi.

Kilichofuata hakikuwa mahubiri matupu. Kituo cha misheni kilikuwa na mashamba, wakazi, sheria na baraza la kuamua kesi, na mmisionari aliyekaa hapo alifanana na mtwa (chifu) mdogo kuliko alivyopenda kukiri. Aliyetaka kuishi kwenye ardhi ya misheni alikubali masharti: aache matambiko, aache ngoma zilizohesabiwa kuwa za kipagani, ajihadhari na pombe. Katika nchi ambayo ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa kila masika na kunywewa katika kazi za ujima na posa, sharti hilo la mwisho lilimkata mtu na jirani zake. Gumu zaidi lilikuwa la ndoa. Mume wa wake wengi aliyetaka ubatizo alidaiwa abaki na mmoja. Wachungaji walijadili kwa kirefu dhamiri ya mume. Hatima ya wanawake walioachwa, pamoja na watoto wao, haikupewa uzito uleule.

Hata hivyo watu haohao walikaa chini wakajifunza lugha, na kazi yao ya kalamu imedumu kuliko masharti yao. Sarufi ya Kinyakyusa ya C. Schumann ilichapishwa Berlin mwaka 1899. Upande wa Wakatoliki, Mbenedikti Cassian Spiss alichapisha mkusanyo wa maneno ya Kihehe mwaka 1900, miaka mitano kabla ya kuuawa njiani kuelekea Peramiho, akiwa askofu, katika vita vya Maji Maji. Martin Priebusch wa Misheni ya Berlin alishughulikia Kibena na Kihehe pamoja.

Maji Maji haikuwa habari ya mbali. Septemba 1905 wapiganaji wa Mbeyela, mtawala wa Wabena, walikishambulia kituo cha Jakobi, na mmisionari Paul Gröschel akakitetea kwa risasi. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa kulinda roho yake, lakini baada ya siku ile hakuna aliyeweza kudai kwamba misheni ilikuwa imesimama pembeni. Njaa iliyofuata vita iliua kuliko risasi.

Umuhimu wa Kidugala ulitokana na seminari yake. Hapo vijana walifundishwa kuwa waalimu na wainjilisti, kisha wakatumwa vijijini kuanzisha shule za kusoma, kuandika na katekisimu. Mzungu alitembelea kijiji mara chache kwa mwaka. Mwalimu aliishi hapo, akalima hapo, akaoa hapo. Yeye ndiye aliyejua ni mila ipi ingevumilika na ipi ingevunja ukoo. Ripoti zilizokwenda Berlin humtaja kama msaidizi.

Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, ulionyesha nani alikuwa msaidizi wa nani. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalipanda kutoka Nyasaland, yakaichukua Njombe, na kufikia mwisho wa Agosti yalikuwa Iringa mjini. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Vita navyo havikwisha upesi: Oktoba 1918 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alipita tena Ubena akielekea Rhodesia ya Kaskazini, akamwacha nyuma Jenerali Wahle aliyekuwa mgonjwa. Katika vurugu hizo makutaniko yalibaki mikononi mwa waalimu na wazee. Waskoti wa misheni ya Livingstonia huko Nyasaland walisaidia kuyasimamia, lakini walikuwa wachache na eneo ni kubwa. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi, kuanzia 1925, walikuta Wakristo waliozoea kuamua mambo yao, na si wote walifurahia kurudishwa kwenye benchi la nyuma.

Septemba 1939, Vita Kuu ya Pili ilipoanza, mambo yalijirudia. Wajerumani wote waliguswa, wa Biblia na wa jembe. Huko Mufindi walowezi walipoteza mashamba yao ya chai, ambayo baadaye yaliingia mikononi mwa Brooke Bond. Kidugala ikabaki na majengo yasiyo na wenyewe.

Kisha wakaja Wapolandi. Walikuwa raia ambao Stalin aliwahamisha kwa nguvu mwaka 1940 na 1941 hadi Siberia na Kazakhstan, wakaachiliwa baada ya makubaliano ya Julai 1941 kati ya Poland na Wasovieti, wakatoka pamoja na jeshi la Jenerali Anders hadi Uajemi. Maelfu yao walipandishwa meli kuja Afrika Mashariki na Kusini. Tengeru, karibu na Arusha, ndiyo ilikuwa kambi kubwa ya Tanganyika, ikiwa na watu wapatao 5,000. Ifunda na Kidugala zilikuwa za Nyanda za Juu Kusini. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto.

Wabena walikuwa wamezoea kumwona Mzungu akija kuamuru, kufundisha au kutoza kodi. Sasa waliona Wazungu waliofukuzwa makwao, wajane wenye kulea watoto wembamba, wakiishi kwa posho na kungoja barua. Tena walikuwa Wakatoliki, wakisali ndani ya misheni ya Kilutheri. Walipanda bustani, wakafungua shule, wakazika wafu wao. Vita vilipokwisha wengi hawakutaka kurudi Poland ya kikomunisti. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walitawanyika hadi Uingereza, Kanada na Australia. Kambi ya Ifunda ikageuzwa kuwa shule ya ufundi.

Kidugala ilirudi kwa Walutheri, lakini haikurudi Berlin. Waliokuja kusaidia sasa walikuwa Waswidi na Wamarekani, na hospitali ya Ilembula, iliyoanza 1950, ni tunda la miaka hiyo. Uongozi nao ulikuwa ukihama. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na Dayosisi ya Kusini ikaja kuongozwa na Askofu Judah Kiwovele, mwana wa nyanda hizi. Kutoka dayosisi hiyo, katika miaka ya 1980, ilizaliwa Dayosisi ya Iringa, na Mufindi nayo sasa ina dayosisi yake. Wakatoliki walifika hatua hiyohiyo Desemba 2023, Papa Fransisko alipounda Jimbo la Mafinga kutoka Jimbo la Iringa. Kidugala yenyewe inaendelea na shule ya sekondari ya seminari, ambayo hupokea wanafunzi kutoka pande zote mbili za mpaka ule wa 2012.