Sauti Iliyovuka Mpaka

Shosho yangu anajua altrasaundi moja tu, ile ya kuangalia mtoto tumboni. Nilipomwambia kuna madaktari waliojaribu kutibu moyo kama wake kwa sauti, alicheka hadi akashika mbavu. Halafu akauliza: "Na hao waliotibiwa wako wapi?"

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo siku hizi utafiti wangu ni kujibu maswali ya shosho.

Tuanze na ugonjwa. Vyumba viwili vya juu vya moyo wake havipigi, vinatetemeka tu, kama matatu kuukuu inayonguruma stejini bila kusonga. Damu ikituama humo inaganda, na bonge likifika ubongoni ni kiharusi. Ndiyo maana anameza warfarin na kutolewa damu ya kupimwa kila mwezi. Mwaka 1909, Thomas Lewis wa London alionyesha kwa mashine ya kuchora umeme wa moyo kwamba mapigo haya ya ovyo yanatokana na mtetemo huo. Tiba ilichelewa sana. Mwaka 1987, huko St. Louis, Marekani, James Cox alikatakata vyumba hivyo na kuvishona tena, ili makovu yaukatie umeme njia. Kovu halipitishi umeme.

Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, wakachunguza wagonjwa 45 na kukuta asilimia 94 ya cheche zinazoanzisha fujo zinatoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Sasa kazi ikawa kuizungushia mishipa hiyo ua wa makovu. Swali likawa, ua wa nini?

Wengine walitumia mawimbi ya redio, wengine baridi kali. Altrasaundi ilivutia kwa sababu inafanya kama kioo cha kukuza kinachokusanya jua kwenye karatasi: inaunguza mbali na pale ilipo, bila kugusa. Mwaka 2005 madaktari wa upasuaji Ulaya walitoa matokeo ya wagonjwa 103, na baada ya miezi sita asilimia 85 walikuwa wamepona mtetemo. Mimi ningepiga makofi pia. Lakini soma polepole: hao walikuwa tayari wanapasuliwa kwa shida nyingine ya moyo, na miezi sita ni muda mfupi kwa ugonjwa unaojua kurudi.

Kuna waliotaka kufanya hivyo bila kupasua kifua. Walipitisha mrija kwenye mshipa, wakajaza puto ndani ya moyo, na puto likarusha pete ya sauti mbele yake. Shida ni jirani. Nyuma kabisa ya chumba cha juu cha kushoto, milimita chache tu, linapita umio, bomba la chakula. Na sauti haijui ukuta wa moyo unaishia wapi.

Tayari kulikuwa na mgonjwa aliyekufa kwa tundu kati ya moyo na umio. Basi timu moja ya Hamburg, Ujerumani, ikaweka kipimajoto ndani ya umio, na kanuni kamili ya kupunguza au kuzima nguvu joto likipanda. Walifanya kila kitu ambacho ningewaomba wafanye. Bado mgonjwa akafa kwa tundu lilelile, wiki kadhaa baada ya kutibiwa. Mwaka 2010 wakachapisha ripoti ambayo kichwa chake kinaitaja kanuni hiyo ya usalama na mwisho wake wa mauti. Hawakuificha kwenye jedwali ukurasa wa tisa. Waliandika kwamba chombo hakifai, na matumizi yakasimamishwa. Mwezi Desemba mwaka huohuo, puto la baridi likaidhinishwa Marekani.

Nilimsimulia shosho haya yote jioni moja, nikichanganya Kikuyu na Kiswahili. Alinyamaza kidogo.

"Hilo bomba ndilo chai inapita?"

"Ndiyo, shosho."

Akaangalia kikombe, akapuliza chai, akanywa kidogo kidogo. Kisha akaniambia nimletee dawa yake, saa imefika.