Akhwari, makuli wa Tunduma na mgongo wangu

Jumamosi iliyopita nilisimama tena mbele ya chuma, mbele za watu, baada ya miezi 20 ya kukaa pembeni. Haikuwa Olimpiki. Ilikuwa uani kwa jamaa mmoja hapa Tunduma, si mbali na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Washindani tulikuwa tisa, watazamaji labda sitini, ukimhesabu na mama muuza chapati aliyegoma kuhamisha meza yake. Vyuma vyenyewe ni mchanganyiko: sahani chache za dukani, gia za lori, na kwa wanaoanza, makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Lakini kila kimoja kilipimwa kwanza kwenye mizani ya nafaka na kuandikwa uzito wake kwa rangi nyeupe.

Kabla sijasimulia ilikuwaje, niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwa sababu jambo hili limenifanya nisome historia kuliko nilivyosoma nikiwa chuo.

Niliumia mgongo nikivuta kilo 180 kutoka chini. Sikusikia mlio wowote kama watu wanavyosimulia. Nilihisi joto kiunoni, kisha mguu wa kushoto ukafa ganzi hadi kidole gumba. Wiki tatu za kwanza nililala sakafuni, habari za gazeti naandika nikiwa kifudifudi. Mhariri wangu alivumilia, mshahara ukaendelea kuingia. Kumbukeni hilo la mshahara, nitalirudia.

Nikiwa pale sakafuni nilitaka kujua kitu kimoja tu: ni nani aliyewahi kuumia namna hii akarudi, na alirudi vipi? Nilichokuta ni kwamba historia yetu ni hodari sana wa kusimulia aliyebeba na aliyeumia. Aliyepona haina habari naye.

Tuanze na hapa nyumbani. Mkoa wa Songwe wenyewe ni mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini nchi hii ni ya watu wa mizigo tangu zamani. Hata jiwe letu maarufu ni mzigo. Kimondo cha Mbozi, pale kijiji cha Ndolezi, kinakadiriwa kuwa na tani 12, na sehemu yake kubwa, kama asilimia 90, ni chuma. Nilipokuwa mdogo tulipelekwa na shule, na kila mvulana alijaribu kukisukuma. Nadhani ndipo wengi wetu tulipoambiwa "hapana" na chuma kwa mara ya kwanza.

Kabla ya reli na barabara, bidhaa za bara zilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, Wanyamwezi wakiwa ndio mashuhuri zaidi, walibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ukisikia kilo 32 unaweza kucheka, hasa ukiwa mtu wa mazoezi ya vyuma. Lakini wale hawakubeba mara tatu wakapumzika dakika tano. Walibeba kutwa nzima, wiki baada ya wiki, kutoka bara hadi pwani.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia pande zetu hizi yakitokea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwanzoni mwa Novemba 1918, von Lettow-Vorbeck na askari wake wakapita tena huku wakielekea kusini, wakaishambulia Fife, hapo tu upande wa pili wa mpaka wetu. Tarehe 25 Novemba 1918 akasalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo. Hayo ya majenerali yako kwenye kila kitabu. Kisichosemwa kwa sauti ni kwamba jeshi lilitembea kwa migongo ya wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam linatokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo. Ukienda kwenye mnara wa Askari uliosimikwa mwaka 1927, utaona juu kabisa amesimama mtu mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa chini, kwenye maandishi.

Waliokufa tunao kwa hesabu. Je, waliorudi na viuno vibovu? Waliolimaje mwaka 1919? Nani aliwabebea maji? Kwenye vitabu nilivyosoma sikuwakuta.

Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na mwaka 1973 ilifika hapa Tunduma. Mtu angetegemea kwamba baada ya reli na malori migongo ingepumzika. Wapi! Lori halijipakui lenyewe. Baba yangu mdogo alikuwa kuli hapa mpakani tangu ujana wake. Gunia la mahindi kwa kawaida ni kilo 100, lakini wote tunaijua lumbesa, gunia lililofungwa kilemba juu ili mnunuzi apate zaidi kwa bei ileile. Sheria ya vipimo inaikataza. Siku zote mjadala wa lumbesa ni kwamba mkulima anaibiwa, na ni kweli anaibiwa. Lakini kuna mtu wa pili anayeibiwa, naye ni yule anayeiweka begani. Kilemba kile hakilipwi. Baba mdogo leo anatembea ameinama kama anayetafuta sarafu chini.

Sasa tuje kwenye mchezo. Huu ninaoucheza mimi si ule wa Olimpiki wa kunyanyua chuma hadi juu ya kichwa. Wetu una mitindo mitatu: skwati, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani kisha kusimama, benchi, kulala chali na kukisukuma kutoka kifuani, na dedilifti, kukivuta kutoka chini hadi usimame wima. Kila mtindo unapewa majaribio matatu, linachukuliwa lililo bora, halafu vinajumlishwa. Mchezo ulijengeka Marekani na Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960, na shirikisho lake la dunia likaundwa mwaka 1972. Kwenye Olimpiki haumo mpaka leo.

Lakini kwenye Paralimpiki umo, kwa mtindo wa benchi, na hapa ndipo nilipokaa vizuri kusoma. Daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa akitibu askari waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, aliona kwamba wagonjwa wake wanahitaji mashindano na si vidonge tu. Mwaka 1948 akaanzisha michezo pale pale hospitalini. Kunyanyua vyuma kukaingizwa kwenye Paralimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na wakati huo ilikuwa ni kwa wanaume walioumia uti wa mgongo. Wanawake walisubiri hadi Sydney mwaka 2000. Jirani yetu wa Kenya, Hellen Wawira Kariuki, alipata medali ya shaba kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022 kwa mtindo huo huo.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoniambia kwamba mtu aliyeumia mgongo hana biashara na vyuma, mjue kwamba kuna chumba kizima cha nyumba hii kilichojengwa na watu wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na daktari aliyesimama pembeni na muda wa kutosha. Chuma peke yake hakimponyi mtu.

Sasa huyu hapa mtu wangu. Ukitaja jeraha na michezo Tanzania, jina linalokuja ni John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mexico City, Oktoba 1968, mbio za marathoni. Akaanguka, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji na kuendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaanza, wa 57 kati ya 57 waliomaliza, kwa saa 3 dakika 25 na sekunde 27. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla. Maneno aliyoyasema Akhwari baadaye kuhusu nchi yake kumtuma kumaliza mbio yamezunguka dunia nzima, sina haja ya kuyarudia.

Nikuulize swali msomaji. Baada ya pale Akhwari alifanya nini?

Niliwauliza watu saba ofisini, wote waandishi. Hakuna aliyejua. Wawili walidhani hakukimbia tena. Ukweli ni kwamba Julai 1970, miezi 21 baada ya Mexico, alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh na kushika nafasi ya tano, kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 5. Mbio zile zilishindwa na Ron Hill wa Uingereza kwa 2:09:28, muda mkali kweli kwa zama hizo. Mexico iko juu sana na hewa yake ni nyepesi, Edinburgh iko karibu na bahari, kwa hiyo mtu asilinganishe saa kwa saa. Hata hivyo, goti lile lile lilirudi na kumaliza pungufu ya muda wa Mexico kwa saa nzima na dakika 10.

Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naitafuta pale sakafuni. Na ilikuwepo siku zote, ila hatuisimulii. Tunaipenda bandeji, damu na giza la uwanjani. Nafasi ya tano ya mtu mzima wa afya haina picha nzuri. Tumemfanya Akhwari kuwa shujaa wa maumivu, wakati alikuwa pia mwanariadha hodari aliyejua kupona.

Na kurudi kwenyewe si lazima kuanze kwa kishindo. David Rudisha wa Kenya, mwenye rekodi ya dunia ya mita 800 aliyoiweka London mwaka 2012, aliumia goti mwaka 2013 akakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Mbio zake za kwanza kubwa aliporudi mwaka 2014, kule Eugene, Marekani, alishika nafasi ya saba. Ya saba! Mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia Beijing, na mwaka 2016 akatetea dhahabu yake ya Olimpiki Rio. Nafasi ile ya saba ilikuwa sehemu ya kazi.

Haya, turudi Jumamosi.

Kabla ya kuumia jumla yangu ilikuwa kilo 425. Safari hii nilikuwa nimejiwekea mpaka kwenye karatasi, na karatasi nikamkabidhi baba mdogo, aliyekuja na kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Skwati kilo 100. Benchi 70. Dedilifti 120. Basi.

Skwati zilikwenda. Benchi zikaenda. Dedilifti nikaanza na 90, halafu 110, halafu 120, na ile 120 ilipanda nyepesi mno kiasi kwamba uani kukalipuka kelele. Waamuzi waliona nina nguvu, wakasema wataniruhusu jaribio la nne nje ya hesabu, kwa ajili ya watazamaji. Vijana wakaanza kuongeza gia za lori. "Mia na hamsini! Mia na hamsini!" Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa hamu. Sitawadanganya, nilishapaka chaki.

Nikamtazama baba mdogo. Hakusimama. Alinyanyua tu ile karatasi.

Nikamfuata. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi siku niliyovunjika niliendelea hadi lori likaisha. Lilikuwa limebaki magunia kumi na moja. Ningeacha, jioni watoto wasingekula. Wewe hapa nani atalala njaa ukiacha?"

Nikasema, "Hakuna, baba."

"Basi acha."

Nikaacha. Baadhi walizomea kidogo, kisha wakamgeukia mwingine. Nilishika nafasi ya nane kati ya tisa, jumla kilo 290. Aliyekuwa wa kwanza ni kuli, kijana wa miaka 23 hivi, aliyekuja moja kwa moja kutoka kupakua lori la mbolea. Alivuta kilo 200 akiwa na kandambili. Nilimpa mkono, nikamuuliza kesho anapumzika? Akanicheka. Kesho kuna malori mawili.

Nimelala siku tatu nikiwaza kicheko kile. Mimi nilipona kwa sababu nilikuwa na miezi 20, na mshahara ndani yake. Yule kijana ana nguvu kunizidi mara mbili, lakini akiumia hana hata wiki moja. Mpagazi wa frasila mbili hakuwa nayo, wa vita hakuwa nayo, baba mdogo hakuwa nayo. Tukiandika historia ya nguvu za watu wetu, tuandike pia ni nani alipewa nafasi ya kupumzika.

Mashindano mengine ni baada ya miezi minne. Karatasi anayo baba mdogo, na safari hii amesema namba ataziandika yeye. Kwa leo naishia hapa. Mwenye kumjua kuli aliyeumia akapona, anisimulie ilikuwaje. Nataka kuiandika.