Wito na Meza ya Kazi: Historia Iliyomo katika Jina la VIWAWA

Neno wito, ambalo katika Kiswahili cha kanisani limekuja kumaanisha hasa sauti ya Mungu inayomwelekeza mtu kwenye upadre au utawa, lina nafasi pana zaidi katika lugha ya kila siku, kwa kuwa hutumika kwa jirani anayeomba mikono ya kupandisha paa sawasawa na linavyotumika kwa hati ya mahakama, na wahenga walipoasa kwamba mtu asikatae wito bali akatae neno, hawakuwa wakizungumzia seminari. Hata hivyo, inapofika Dominika ya nne ya Pasaka, ambayo huadhimishwa kama Siku ya Kuombea Miito, iliyoanza mwaka 1964 chini ya Papa Paulo wa VI, maombi ya parokia nyingi huelekezwa kwa mapadre, mabruda na masista, huku fundi cherehani, dereva na muuza samaki waliomo kanisani wakiombea wito wa watu wengine. Kufinyika huko kwa neno kuna historia yake, na sehemu yake isiyosimuliwa sana imekaa ndani ya kifupi ambacho vijana wa Kikatoliki nchini Tanzania huvaa kwenye fulana zao: VIWAWA, yaani Vijana Wakatoliki Wafanyakazi.

Kazi za mikono hazikuwa ngeni katika misheni za Afrika Mashariki. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha kituo chao Bagamoyo mwaka 1868, chini ya Padre Antoine Horner, watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa katekisimu pamoja na useremala, uhunzi na kilimo, na Wabenediktini walioanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 waliifanya karakana kuwa sehemu ya misheni kama yalivyokuwa kanisa na zahanati, jambo lililoendana na kanuni yao ya kuunganisha sala na kazi. Lakini mpangilio wa Bagamoyo ulikuwa na ngazi. Wachache walioonekana kuwa na vipaji vya masomo walitengwa kwa ajili ya huduma ya kanisa, wengine wakapewa ufundi, na wengi wakapelekwa shambani, hivyo kwamba kazi ilitazamwa kuwa malezi mema na njia ya kujitegemea, ilhali wito, kwa maana ya kuitwa na Mungu, ulibaki kwenye ngazi ya juu. Seremala alifundishwa kusali na kufundishwa kupiga randa, ila si rahisi kuona mahali alipofundishwa kwamba randa yenyewe ina jambo la kumwambia kuhusu Mungu.

Wazo hilo halikuwa jipya katika Ukristo, kwani Martin Luther katika karne ya 16 alikwisha kudai kwamba mtumishi wa ndani anayefagia nyumba ameitwa na Mungu kama mmonaki alivyoitwa, na kwa matumizi yake neno la Kijerumani la wito likaja kuwa neno la kawaida la kazi ya mtu. Kwa Wakatoliki, swali hilo lilirudi kwa nguvu kupitia viwanda vya Ubelgiji, nchi ambayo sheria ya mwaka 1889 ilikataza watoto wenye umri wa chini ya miaka 12 kufanya kazi viwandani, maana yake ikiwa kwamba aliyetimiza miaka hiyo alikuwa halali ya mwajiri.

Joseph Cardijn, aliyezaliwa mwaka 1882 katika kitongoji cha Schaerbeek mjini Brussels na kukulia Halle, alitoka katika familia ya watu wa kipato cha chini ambao walikubali aendelee na masomo ya seminari badala ya kwenda kiwandani, na aliporudi nyumbani likizo aliwakuta wenzake wa shule ya msingi wamekwisha kuwa vibarua wanaomtazama kama mtu wa upande mwingine, tena walioachana na kanisa ndani ya muda mfupi. Baba yake alipofariki mwaka 1903, aliapa kutoa maisha yake kwa tabaka la wafanyakazi. Alipata upadre mwaka 1906, na mwaka 1912 akapangiwa parokia ya Laeken, ambako alianza na wasichana waliofanya kazi za mikono, hasa washonaji, kabla ya kuunda makundi ya wavulana. Jambo hili linastahili kukumbukwa, kwa kuwa historia za chama kilichozaliwa na makundi hayo hupenda kuanza na wavulana.

Alichokifanya katika makundi hayo hakikuwa mahubiri. Vijana walipewa maswali na kutumwa kwenda kuchunguza walipo: nani alimpokea mtoto wa miaka 14 siku yake ya kwanza kiwandani, aliambiwa nini, nani alimwonyesha mashine na nani alimcheka, ni mazungumzo gani husikika ndani ya treni ya alfajiri, mshahara wa kwanza ulimfikia mama ukiwa mzima au umepunguka njiani. Majibu yaliletwa kwenye kikao, yakalinganishwa na Injili, kisha kila mmoja akaondoka na jambo moja la kutenda, ambalo huenda lilikuwa dogo kama kumsubiri mgeni mlangoni Jumatatu asubuhi ili asiingie peke yake. Hatua hizo tatu, kuona, kuamua na kutenda, ndizo zilizokuja kuwa alama ya chama, na kwa Cardijn zilisimama juu ya imani kwamba meza ya kazi ni altare ya mfanyakazi, ambayo juu yake Misa ya asubuhi huendelea mchana kutwa.

Kiswahili kimeitendea hatua ya pili haki isiyo kamili. Kuamua hubeba hukumu ya mwamuzi na pia uchaguzi wa mtu anayekata shauri, na maana hii ya pili ndiyo inayomjia msikilizaji haraka, kiasi kwamba kikundi huweza kuruka kutoka kuona hadi kupanga mikakati bila kupima walichokiona kwa mizani ya imani. Kupima pengine lingefaa zaidi.

Chama kilipopewa jina la Vijana Wakristo Wafanyakazi mwaka 1924, wakuu wa kanisa wa Ubelgiji, akiwamo Kardinali Mercier, walihofu kwamba kuwatenga vijana wa viwandani kungewagawa Wakatoliki kitabaka, na ilimbidi Cardijn aende Roma mwaka 1925 kupata baraka ya Papa Pio wa XI. Wawili kati ya walei waanzilishi, Fernand Tonnet na Paul Garcet, walikufa mwaka 1945 katika kambi ya mateso ya Dachau. Papa Yohane wa XXIII aliziingiza hatua tatu katika waraka Mater et Magistra wa mwaka 1961, na Cardijn, aliyefanywa kardinali mwaka 1965, alifariki mwaka 1967.

Mwaka huohuo Azimio la Arusha liliweka katika siasa ya Tanzania jozi ya maneno, wakulima na wafanyakazi, ambayo inaeleza ugumu wa jina VIWAWA, yaani jina la chama cha Cardijn kwa Kiswahili, vizuri kuliko nyaraka za kanisa. Katika Kiswahili cha Tanzania mfanyakazi ni mwenye ajira na mshahara, ndiye wa nyundo kwenye bendera ya CCM, ilhali kijana wa kijijini ni wa jembe, na jina lililotungwa kwa ajili ya watoto wa viwanda vya Ubelgiji likawa limemtaja kwa usahihi kijana mmoja na kumwacha nje jirani yake. Huenda ndiyo sababu kifupi hicho kimegeuka taratibu kuwa jina la vijana wa parokia kwa jumla, waimbaji, wachezaji wa mpira na wahudhuriaji wa semina, huku wanafunzi wakiwa na chama chao cha TYCS, na herufi za mwisho, zinazotaja kazi, zikisomwa bila kusikika.

Hata hivyo, maswali ya Laeken hayahitaji kiwanda. Kijana wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya mtu hupaswa kupeleka hesabu kwa tajiri wake kila jioni, abiria wawepo wasiwepo, na katika kikao cha VIWAWA mtu anaweza kumuuliza kama alivyoulizwa mtoto wa Ubelgiji: nani alikupokea kijiweni siku ya kwanza, alikwambia nini, na siku hesabu isipotimia unampitia abiria yupi, kwa bei gani, saa ngapi za usiku.