TV bapa yanong'ona? Jaribu haya kabla ya kununua spika

Mama yangu aliacha kutazama habari kwa kuwa hasikii maneno. Nikiongeza sauti, jirani agonga ukuta. Spika za TV bapa ni ndogo, na nyingi zaelekea chini au nyuma, hivyo sauti hupiga ukuta kwanza. Sebule yetu yenye sakafu tupu ilizidisha mwangwi; busati na mapazia mazito yalisaidia.

Kisha nikaiunga wufa yetu ya zamani. TV yenye tundu la hedifoni yataka waya tu. Yetu ina la optiko pekee, nikanunua kigeuzi kidogo. Kilikaa kimya siku mbili (nikamlaumu muuzaji bure!) hadi nilipochagua PCM kwenye mipangilio ya sauti.