Historia ya Neno "Boy"

Leo tutazungumza habari za neno moja dogo la Kiingereza, ambalo hata asiyejua Kiingereza amepata kulisikia. Neno lenyewe ni "boy". Hutamkwa "boi".

Mkiuliza maana yake mtaambiwa ni mtoto wa kiume, na ni kweli. Lakini katika maandishi ya Waingereza ya miaka mia saba iliyopita, neno hilo lilikuwa na maana ya mtumishi, au mtu wa hali ya chini. Maana ya mtoto ilishika nguvu baadaye. Hata hivyo ile ya mtumishi haikufa. Ilisafiri na Waingereza mpaka kwenye makoloni yao.

Huku kwetu, Kenya na Tanganyika, watumishi wa nyumbani wakati wa ukoloni walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa. Mfagizi, mtandika vitanda, mwandaa meza, kila mmoja aliitwa "boi", hata akiwa na mvi na wajukuu. Neno likaingia katika Kiswahili, likapata na wingi wake, "maboi". Na katika nyumba ile ile mtoto wa mwajiri, wa miaka saba, pengine aliitwa "bwana mdogo". Yaani mtoto ni bwana, na mzee ni mtoto! Marehemu babu yangu alifanya kazi hiyo. Alipotusimulia, hakulitamka neno lile kwa sauti yake mwenyewe. Aliigiza sauti ya mwajiri wake.

Marekani nako, watu weupe wa majimbo ya kusini walikuwa na desturi ya kumwita mwanamume mweusi "boy", awe na umri wo wote. Tarehe 1 Februari 1968, mjini Memphis, wazoa taka wawili walipondwa na mashine ya gari la taka, wakafa. Tarehe 12, wenzao wapatao 1,300 waligoma. Walidai mishahara bora na chama chao kitambuliwe. Lakini mabango yao hayakutaja fedha. Yaliandikwa maneno manne tu ya Kiingereza, maana yake: Mimi ni mwanamume. Kila aliyeyasoma alijua yanajibu neno gani.

Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba neno hilo, hata likisemwa peke yake, laweza kuwa na ubaguzi ndani yake. Hutazamwa sauti ya msemaji, desturi ya mahali, na historia.

Basi msiliogope kila mliskiapo. Baba humwita mwanawe hivyo kwa mapenzi. Wazee waliosoma shule moja hujiita "old boys" wakacheka. Mwingereza akishangaa husema "oh boy!", wala hamwiti mtu.

Sasa chukueni madaftari. Andikeni jina mnaloitwa kazini, kisha chini yake jina ambalo mngependa kuitwa. Mtayasoma mbele ya darasa wiki ijayo. Kwa herini.