Viganja vya Keza na Historia ya Sindano

Yako maradhi ambayo hayaui, na kwa kuwa hayaui hayakupata ukurasa katika historia yetu ya tiba. Soriasisi ni mojawapo. Ngozi ya mtu mwenye afya huchukua takriban mwezi mmoja kujifanya upya. Ya mwenye soriasisi hufanya kazi hiyo kwa siku chache tu, kwa sababu kinga ya mwili imegeuka na kuushambulia mwili uleule uliopaswa kulindwa. Seli hurundikana, ngozi ikawa nene, ikafanya magamba, ikapasuka. Haiambukizi. Watafiti wa maradhi ya ngozi wamekwisha kuona kwamba upande wetu wa mashariki mwa Afrika unayo zaidi kuliko Afrika ya Magharibi, kwa hiyo wanaodhani kuwa ni ugonjwa wa Wazungu wamepotoka.

Ikishika viganja na nyayo huwa na ukatili wa pekee. Tufikirie kata ya Keza, wilayani Ngara, katika vilima vinavyopakana na Burundi, mahali ambapo maisha hutegemea migomba, maharage na jembe la mkono. Mpini wa jembe hauna huruma kwa kiganja kilichopasuka. Nyayo zenye nyufa hazipandi kilima. Na katika jamii ambamo kusalimiana ni kushikana mikono, mtu anayeficha viganja vyake huonekana ama ana dharau ama ana jambo. Atapewa dawa ya fangasi, kisha dawa ya upele, na pengine atatazamwa kwa jicho la kaswende, kwa kuwa kaswende nayo hutoa vipele viganjani. Mkulima huyu anaweza kupoteza misimu miwili kabla ya mtu kulitaja jina la ugonjwa wake.

Sayansi ya kimataifa nayo, kwa muda mrefu, haikumwona. Majaribio makubwa ya dawa mpya za soriasisi yalikuwa na masharti ya kuingia, na sharti lililozoeleka lilikuwa kwamba ugonjwa uwe umefunika angalau asilimia 10 ya ngozi yote ya mwili. Kiganja kimoja pamoja na vidole vyake huhesabiwa kuwa kama asilimia moja. Piga hesabu: viganja viwili na nyayo mbili havifikii kiwango hicho. Mtu asiyeweza kushika kijiko wala kuvaa kiatu aliandikwa kuwa na ugonjwa mdogo, akaachwa nje ya mlango. Kila ninapowafundisha wanafunzi kwamba kipimo ni uamuzi wa kisiasa kabla hakijawa uamuzi wa kitaalamu, huu ndio mfano ninaoutumia.

Kasoro hiyo ilianza kurekebishwa pale yalipofanyika majaribio ya viganja na nyayo peke yake. Jaribio lililopewa jina la REACH, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011, lilichukua wagonjwa 72 na kuwagawa kwa kura: baadhi wakachomwa adalimumabu, wengine sindano isiyo na dawa. Baada ya wiki 16, asilimia 31 ya waliopata dawa walikuwa wamesafika au karibu kusafika. Upande wa pili ni asilimia 4 tu. Likafuata jaribio la GESTURE lenye wagonjwa 205, likipima sekukinumabu, ambayo huzuia mjumbe mwingine wa kinga. Kwa dozi ya miligramu 300, asilimia 33 walifikia hali hiyo. Kwa sindano tupu hawakufika hata asilimia 2. Haya ni mafanikio ya kweli, ingawa msomaji atambue kwamba theluthi mbili hawakufikia kiwango hicho. Viganja na nyayo ni wakaidi kuliko viwiko na magoti.

Dawa hizi huitwa za kibiolojia kwa sababu hazipikwi kwa kemikali peke yake. Hutengenezwa na seli hai. Ni kingamwili zilizosanifiwa ili zimnase mjumbe mmoja tu wa kinga na kumzima. Msingi wake wa karibu uliwekwa Cambridge mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein walipopata njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja bila kikomo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984, na njia yenyewe haikuwekewa hataza. Miaka ya baadaye kampuni hazikuwa na ukarimu huo. Adalimumabu, ambayo iliidhinishwa Marekani siku ya mwisho ya mwaka 2002 kwa ugonjwa wa baridi yabisi na mwaka 2008 kwa soriasisi, iliuzwa kwa jina la Humira, ikawa miongoni mwa dawa zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani: zaidi ya dola bilioni 20 kwa mwaka 2021 pekee. Nakala zake za bei nafuu zilianza kuuzwa Ulaya Oktoba 2018. Marekani, kwa sababu ya ukuta wa hataza, zilisubiri hadi Januari 2023.

Lakini msingi wa mbali zaidi wa tiba hii uko Berlin, katika taasisi ya Robert Koch, na hapo ndipo historia ya sindano hii inapoingia katika ardhi yetu kwa namna ambayo vitabu vya tiba havipendi kuikumbuka.

Mwaka 1890 mambo mawili yalitokea katika mazingira ya taasisi hiyo. Emil Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyepewa kinga inaweza kumkinga mnyama mwingine. Wazo la kingamwili kama dawa lilizaliwa. Mwaka huohuo Koch mwenyewe alitangaza kwamba amepata tiba ya kifua kikuu. Aliificha siri ya utengenezaji wake kwa miezi kadhaa, wagonjwa wakamiminika Berlin, wakachomwa, na wengine wakafa. Tiba ile, tuberkulini, haikutibu. Haikutupwa, hata hivyo. Clemens von Pirquet mwaka 1907 na Charles Mantoux mwaka uliofuata waliigeuza kuwa kipimo: kiasi kidogo kikichomwa ndani ya ngozi, mahali hapo huvimba kwa mtu ambaye mwili wake umekwisha kukutana na vijidudu vya kifua kikuu. Tutairudia tuberkulini baadaye.

Mwaka 1906 Koch, akiwa tayari na Tuzo ya Nobel ya mwaka uliotangulia, aliongoza msafara wa serikali ya Ujerumani kuja Afrika ya Mashariki kuuchunguza ugonjwa wa malale. Alipiga kambi Bugala, katika visiwa vya Ssese upande wa Uganda, ambako malale yalikuwa yakiteketeza watu. Dawa aliyoijaribu iliitwa atoksili, mchanganyiko wa arseniki, yaani sumu. Mwanzoni alitoa dozi ya nusu gramu. Vijidudu vilitoweka katika damu, kisha vikarudi. Akapandisha hadi gramu nzima. Wagonjwa 22 walipofuka, na upofu ule haukuondoka.

Mwaka 1907 uchunguzi ulivuka mpaka wa kikoloni na kuingia Kiziba, katika nchi ya Bukoba, kwa kuwa watu wa huko waliokuwa wakienda Uganda kutafuta kazi na mpira wa porini walirudi na ugonjwa. Kambi ilifunguliwa Kigarama. Mkoa tunaouita leo Kagera, ambao Ngara na Biharamulo ni sehemu yake, uliingia hivyo katika historia ya majaribio ya dawa. Koch aliondoka mwaka huohuo. Wasaidizi wake wakabaki, na arseniki za aina nyingine kutoka katika maabara ya Paul Ehrlich zikaletwa kujaribiwa katika makoloni. Wagonjwa walitoroka kambini. Maofisa waliandika kutoroka huko kama ujinga wa wenyeji. Mimi ninakusoma kama kauli pekee ya ridhaa, au ya kukosa ridhaa, iliyoruhusiwa kuwapo katika kumbukumbu zile. Mtu ambaye hakuulizwa alijibu kwa miguu.

Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 na Azimio la Helsinki la mwaka 1964 zilikuja kuziba mwanya huo, ijapokuwa walioziandika walikuwa na makosa ya Ulaya akilini na si Bugala. Kwetu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na leo jaribio la dawa haliwezi kuanza halali bila kibali cha maadili na kibali cha mamlaka ya dawa. Na tunao ushahidi kwamba utafiti wa heshima unawezekana katika Kanda ya Ziwa. Kati ya mwaka 1991 na 1994, mkoani Mwanza, jumuiya 12 za vijijini zilishiriki katika jaribio la kupima kama kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida kungepunguza maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi. Yalipungua kwa takriban asilimia 40. Jibu lile lilipatikana kwa watu wa mahali hapa, kwa swali la mahali hapa, nalo likabadili sera za dunia.

Kwa soriasisi hali imekuwa kinyume. Hatukulazimishwa, tulisahauliwa. Vituo vya majaribio ya viganja na nyayo havikuwa Tanzania, na mtu anaweza kusema, vema, dawa ikishapimwa kwingine inatosha, ngozi ni ngozi. Hoja hiyo inavutia hadi pale inapokutana na kifua kikuu.

Adalimumabu na ndugu zake humzuia mjumbe wa kinga aitwaye TNF. Mjumbe huyo ndiye anayesaidia kujenga na kulinda vijiboma ambamo mwili huvifungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala. Ukimwondoa mlinzi, wafungwa hutoka. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya watu 70 waliougua kifua kikuu baada ya kupewa infliksimabu, dawa ya kwanza ya ukoo huu kuenea. Kati yao, 64 walitoka katika nchi ambazo kifua kikuu ni haba. Taarifa hiyo ingepaswa kubandikwa katika kila ofisi ya sera za afya Afrika. Ikiwa mlango ulifunguka hivyo kwa watu ambao wengi wao hawakubeba kijidudu kile, itakuwaje katika nchi ambayo Shirika la Afya Duniani linaihesabu miongoni mwa 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo? Na itakuwaje katika mkoa ambamo wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983, tukijua kwamba virusi hivyo huifanya soriasisi kuwa kali zaidi na kinga kuwa dhaifu zaidi?

Sekukinumabu, isiyomgusa TNF, haijaonyesha hatari ya namna hiyo kwa kiwango kile, na pengine ndiyo ingefaa kwetu zaidi. Pengine. Neno hilo haliondolewi kwa kunukuu jaribio la wagonjwa 205 wa nchi nyingine.

Sisemi kwamba hatuna kitu. Tangu mwaka 1992 kituo cha kikanda cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimewafundisha matabibu wa ngozi kutoka Tanzania na nchi nyingi za Afrika, na falsafa yake imekuwa ya busara: mpeleke mtaalamu wilayani badala ya kumsubiri mgonjwa mjini. Marhamu za asidi ya salisili na za lami ya makaa ya mawe, vidonge vya methotreksati ambavyo ni vya bei nafuu na vimetumika kwa soriasisi kwa miongo mingi, hivi vingewasaidia wengi kabla hatujaanza kuzungumzia sindano. Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio juu ya soriasisi mwaka 2014, likiitambua kuwa ugonjwa sugu unaolemaza. Kutoka katika azimio hilo hadi kwenye rafu ya dawa ya zahanati ya kijijini ni safari ndefu. (Nikeli ya Kabanga, hapohapo wilayani Ngara, haikukosa wapimaji, ardhi ile imechimbwa sampuli na wageni kwa miongo kadhaa. Ngozi ya anayeishi juu yake haijapata bahati hiyo.)

Sasa nakala za bei nafuu zimo sokoni na zitazidi kushuka bei, kwa hiyo swali la kama dawa za kibiolojia zitafika kwetu limeanza kuwa swali la lini. Zikifika Kagera, hatua ya kwanza itakuwa ileile ya kila mahali: kabla ya dawa, mgonjwa atachunguzwa kifua kikuu kilicholala, na pale ambapo maabara kubwa haipo kipimo kitakuwa tuberkulini, ile tiba iliyomshinda Koch. Mkulima wa Keza atachomwa kidogo mkononi, kisha atatakiwa kurudi baada ya siku mbili au tatu ili uvimbe upimwe kwa rula. Asiporudi kwa kukosa nauli, kipimo kimepotea. Akirudi, uwezekano wa mkono kuvimba ni mkubwa, kwa kuwa amekulia kati ya watu wenye kifua kikuu na huenda alichanjwa BCG utotoni. Atahitaji miezi ya vidonge vya kinga. Je, zahanati itaweza kumfuatilia kwa miezi hiyo, na nani atakayegharamia iwapo kifua kikuu kitaamka mwaka wa pili wa sindano, wakati viganja vimeshapona na amerudi shambani? Hakuna jaribio la viganja na nyayo lililowahi kuliuliza swali hilo, kwa sababu hakuna lililowahi kuwa na mshiriki wa namna yake.