Rangi ya Injini Kuukuu

Mwanafunzi wa historia huzoea kuambiwa kwamba habari za kale hupatikana katika maandishi, katika magofu na katika vinywa vya wazee. Ni kweli. Lakini uko ushahidi mwingine ambao macho yetu huupita kila siku bila kuujali, nao ni rangi iliyopakwa juu ya kitu. Mimi nilijifunza jambo hili kwa kuharibu, na kwa kuwa kosa la mmoja laweza kuwa funzo la wengi, nitalieleza.

Katika ghala la chuo ninamofundisha palikuwa na sanduku la vitu vilivyosahauliwa. Ndani yake nilikuta injini ndogo ya gari la moshi, kifaa cha kuchezea cha bati, fupi kuliko shibiri. Ilikuwa imeandikwa jina la Hornby, na kamani yake ilikuwa ingali nzima. Mtu fulani aliyetangulia alikuwa ameipaka rangi ya buluu, ile ipakwayo milangoni, nayo ilikuwa imebambuka. Chini ya buluu palionekana rangi nyeusi, na ubavuni ilijitokeza herufi moja ya dhahabu, L. Nikaona haya kwa ajili ya kitu kizuri kuwa katika hali ile. Nikanunua msasa na kopo la rangi nyekundu, nikaisugua injini hata bati likang'aa, kisha nikaipaka. Ilipendeza kama kitu kipya. Wanafunzi walipoiona walifurahi, mpaka mmoja wao akauliza, "Mwalimu, injini hii ilikuwa ya nani?" Hapo nilitambua nilichofanya. Jibu lilikuwa limeandikwa ubavuni, nami nilikuwa nimeligeuza vumbi.

Ili msomaji aelewe hasara ile, yafaa kueleza habari za injini hizo. Frank Hornby alizaliwa mwaka 1863 katika mji wa Liverpool, Uingereza. Mwaka 1901 alipata hataza ya vifaa vya chuma vyenye matundu, ambavyo mtoto aliweza kuviunganisha kwa skrubu na nati akajenga madaraja na winchi. Baadaye vikajulikana kwa jina la Meccano. Mwaka 1920 kiwanda chake kilianza kuuza magari ya moshi ya bati. Yale ya kwanza nayo yaliunganishwa kwa nati, hata mtoto akaweza kuyafungua na kuyaunda tena. Yalikwenda kwa nguvu ya kamani, juu ya reli zilizoachana milimita 32.

Kiwanda hakikuyapaka rangi kwa kubahatisha. Watoto walitaka injini zifanane na zile walizoziona stesheni, na injini za stesheni zilivaa rangi za kampuni zao kama askari avaavyo sare. Hapo kwanza Uingereza ilikuwa na kampuni nyingi za reli. Tarehe 1 Januari 1923, kwa amri ya sheria, karibu zote ziliunganishwa kuwa nne kubwa, ambazo tatu kati yake zilijulikana kwa herufi L.M.S., L.N.E.R. na G.W.R., na ya nne ikaitwa Southern. Hornby alibadili herufi za bidhaa zake zifuate mabadiliko hayo. Kwa hiyo gari lake lenye herufi za kampuni ya zamani hutuelekeza kwenye miaka ya mwanzo, na lenye herufi za kampuni mpya hutuambia kwamba lilipakwa rangi baada ya muungano ule. Bati lile dogo, basi, ni kumbukumbu ya sheria ya Bunge.

Sasa fikiria herufi yangu moja. L.M.S. huanza na L, na L.N.E.R. huanza na L. Injini za abiria za L.M.S. zilijulikana kwa rangi ya damu ya mzee, na zile za L.N.E.R. kwa kijani, lakini kampuni zote mbili zilikuwa pia na injini nyeusi. Herufi ya pili tu ndiyo ingalikata shauri. Laiti ningaliondoa ile buluu polepole kwa kitambaa, ningaliisoma.

Huenda mtu akasema, "Hicho ni kitu cha watoto, si hoja kubwa." Na tutazame basi injini kubwa, tuone kama swali si lile lile. Mwaka 1923, katika karakana za Doncaster, ilikamilishwa injini iliyoundwa kwa michoro ya Nigel Gresley, ikaja kuitwa Flying Scotsman. L.N.E.R. iliipaka kijani kama cha tufaha, na tarehe 30 Novemba 1934 ilifikia mwendo wa maili 100 kwa saa. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto ilipakwa nyeusi, maana haukuwa wakati wa mapambo. Reli za Uingereza zilipotaifishwa mwaka 1948, ikapewa namba 60103, ikapakwa buluu, kisha kijani kizito. Mwaka 1963 iliuzwa kwa Alan Pegler, naye akairudishia kijani cha tufaha na namba yake ya zamani, 4472.

Ipi kati ya hizo ndiyo rangi yake ya kweli? Makumbusho ya Taifa ya Reli ya Uingereza, iliyoinunua mwaka 2004, ilipoirudisha njiani mwaka 2016 iliipaka kijani kizito na namba 60103. Wengi walitamani kijani cha tufaha. Lakini injini ilikuwa na bomba maradufu la moshi na mabati ya kuelekeza moshi juu, vitu ilivyofungiwa karibu na mwisho wa kazi yake chini ya serikali. Kuvalisha mwili wa mwaka 1962 nguo ya mwaka 1934 ni kusimulia siku ambayo haikuwako. Kila rangi ilikuwa ya kweli kwa wakati wake. Uongo huingia pale tunapochanganya nyakati.

Nasi Afrika Mashariki tunalo jambo la kujifunza hapa. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, imesimama injini namba 5918, jina lake Mount Gelai. Ni moja ya injini 34 zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katika miaka ya 1955 na 1956, nazo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Imevaa rangi ya damu ya mzee. Mlima Gelai hauko Kenya, uko Tanzania. Kwa nini basi injini iliyomo Nairobi ichukue jina lake? Kwa sababu reli za nchi zetu tatu zilikuwa za shirika moja tangu 1948, hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Mtu akiondoa jina na rangi ile kwa nia njema ya kupamba, ataondoa ushahidi wa ndugu watatu waliokula sahani moja.

Kwa hiyo, ukipata kitu kuukuu na mkono ukiwasha kukitengeneza, fanya hivi. Kwanza kipige picha pande zote, uandike kila rangi na kila herufi uionayo. Kisafishe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, ukianza mahali palipofichika. Kama rangi ya asili ingali imeshika, iache, hata kama imechakaa. Usisugue rangi ya zamani kwa msasa mkavu, kwani nyingi zilikuwa na risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu. Na ikilazimu kupaka upya, acha sehemu ndogo bila kuigusa, ili atakayekuja aone ulichokikuta.

Injini yangu sasa imo ndani ya kabati la kioo darasani. Ingali nyekundu, rangi ambayo haikuwa yake. Sikuipaka tena, kwa maana sikujua niipake nini. Kando yake nimeweka karatasi isemayo ni nani aliyeipaka, mwaka gani, na kwamba chini yake palikuwa na weusi na herufi moja ya dhahabu. Kila mwaka wanafunzi wapya huisoma, na kila mwaka mmoja wao huniuliza herufi ya pili ilikuwa ipi.